Haki Zimehifadhiwa, Ila za Mtunzi

Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga. Lakini methali hiyo ilikwama katika kisiwa cha Puerto Rico. Katika kisiwa hicho cha Bahari ya Karibi, kuanzia mwaka 1995 hadi mwaka 2009, redio zilizifungia nje nyimbo za malenga mmoja. Malenga huyo hakuwa mhalifu, serikali haikumpiga marufuku, wala watu wa kwao hawakumchoka. Kilichomnyamazisha kilikuwa karatasi. Shirika moja la kukusanya ada za hakimiliki, liitwalo ACEMLA, lilidai kwamba ndilo lenye haki ya kutoza malipo kwa kila wimbo wake upigwao hewani. Wenye vituo wakakataa kulipa. Na katika mvutano huo wakaona ni salama zaidi kuziacha santuri zake kabatini kuliko kuzipiga na kushitakiwa. Miaka 14 ikapita hivyo. Malenga huyo ni Catalino Curet Alonso, ambaye kila mtu kwao alimwita Tite. Alizaliwa Guayama mwaka 1926, akafa Baltimore, Marekani, mwezi wa Agosti 2003. Alizikwa ilhali tungo zake zimefungiwa mlango katika redio za kisiwa chake mwenyewe, na mlango huo ulifunguliwa miaka sita baada ya kaburi lake kufukiwa.

Kisa hiki hutajwa kwa pembeni, kama kinatajwa kabisa, kila inaposimuliwa historia ya kampuni ya santuri ya Fania, iliyozitoa nyingi kati ya nyimbo za Curet Alonso zinazojulikana sana. Na historia hiyo husimuliwa mara kwa mara. Katika vijitabu vya santuri zinazotolewa upya, na katika filamu za kumbukumbu, huwa ni hadithi tamu: wanaume wawili, mpiga filimbi na wakili, wanakutana New York, wanaanza na fedha kidogo, wanauza santuri kutoka katika buti la gari, mtaa hadi mtaa, miongoni mwa Walatino wa Harlem, haipiti miaka kumi wanaujaza uwanja wa besiboli, na dunia inapata muziki mpya uitwao salsa. Kwa hadithi hiyo, kampuni ndiyo mzazi wa muziki, na wanamuziki ni watoto waliolelewa vyema.

Hadithi hiyo ni ya kupingwa. Fania haikuizaa salsa. Iliipokea mikononi, ikaipa jina, ikaivisha nguo, ikaipeleka sokoni. Hiyo ni kazi ya mkunga na ya mchuuzi, na ina thamani yake. Lakini mkunga hadai mtoto. Waliozaa ni watunzi, na wengi wao walikuwa washairi kwa kila kipimo anachopimiwa mshairi. Historia ya Fania, ikisomwa kutoka upande wao, ni historia ya majina yaliyofutwa, na mpenzi wa ushairi hana budi kuisoma kutoka upande huo.

Mwanzo wake wenyewe unatoa ushahidi. Johnny Pacheco alizaliwa Santiago de los Caballeros, katika Jamhuri ya Dominika, mwaka 1935, akahamia New York angali mtoto. Alipiga filimbi na ngoma, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alivuma kwa bendi yake ya charanga chini ya kampuni ya Alegre, ambayo Al Santiago, mwenye duka la santuri katika Bronx, aliianzisha mwaka 1956. Kabla ya Alegre palikuwa na Tico, iliyoanzishwa na George Goldner mwaka 1948. Machito, Tito Puente na Tito Rodríguez walikuwa wamekwisha kuutikisa ukumbi wa Palladium kwa mambo kabla Fania haijawazwa. Kwa hiyo Pacheco aliposhirikiana na Jerry Masucci, mtoto wa Wataliano wa Brooklyn aliyekuwa askari polisi kabla ya kuwa wakili, na wakaianzisha Fania mwaka 1964, hawakuingia katika shamba lisilolimwa. Waliingia katika shamba lililokwisha kupandwa na wengine, tena lenye mavuno.

Santuri yao ya kwanza iliitwa Cañonazo, maana yake mpigo wa mzinga, na mwimbaji wake alikuwa Pete Rodríguez wa Puerto Rico, mwenye lakabu ya El Conde. Ndani yake mlikuwamo wimbo wa Kikuba uitwao Fanía, uliotungwa na Reinaldo Bolaño. Na kampuni ikachukua jina lake kutoka katika wimbo huo. Hata jina lililoandikwa juu ya mlango wa ofisi lilikuwa tungo la mtu mwingine. Leo neno Fania linatambulika Tokyo, Paris na Kinshasa. Jina la Bolaño limebaki kwa watafiti na wazee wachache wenye kumbukumbu. Lililoanza hivyo ndilo lililoendelea.

Jambo la pili ni neno lenyewe salsa. Kwa Kihispania salsa ni mchuzi. Neno hilo lilikuwa likisikika midomoni mwa waimbaji wa Kikaribi kabla ya Fania, kama kelele ya kuutia muziki ladha. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilifanywa nembo ya biashara. Aliyelitangaza kuliko wote ni Izzy Sanabria, mchoraji stadi wa majalada ya Fania, mshereheshaji wa maonyesho yake na mwenye jarida la Latin New York. Tito Puente alilipinga neno hilo kwa miaka mingi, akishikilia kuwa mchuzi huliwa, na kwamba alichokipiga yeye ni muziki wa Kuba wenye majina yake. Na alikuwa na haki. Son ni son, guaracha ni guaracha, guaguancó ni guaguancó. Bomba na plena zina makwao Puerto Rico. Mtu anayevimwaga vyote hivi katika sufuria moja na kuviita mchuzi amepata bidhaa nyepesi kuuzika, lakini ameondoa anwani. Na kitu kikikosa anwani ni rahisi kuulizwa ni cha nani na jibu lisipatikane.

Anwani iliyoondolewa zaidi ni ya Kuba. Tangu mwaka 1962 Marekani ilikuwa imeiwekea Kuba vikwazo kamili vya biashara, na fedha hazikuweza kwenda Havana kwa njia ya kawaida. Fania ilijaa tungo za Kikuba. Pacheco alijenga bendi yake kwa mfano wa Sonora Matancera, na wengine wengi walifuata njia ya Arsenio Rodríguez, kipofu mpiga tres aliyeupanua muziki wa son katika Havana ya miaka ya 1940. Sasa msomaji azitazame lebo za santuri nyingi za miaka ile, pale katikati panapoandikwa jina la mtunzi. Badala ya jina atakuta herufi mbili: D.R. Maana yake ni Derechos Reservados, yaani haki zimehifadhiwa. Zimehifadhiwa kwa nani, lebo haisemi. Mtu aliyekaa Santiago de Cuba akaunda ubeti, akauchagulia neno, akaupimia pumzi ya mwimbaji, aligeuzwa kuwa herufi mbili, na herufi hizohizo akapewa jirani yake, na jirani wa jirani yake, hata wote wakawa mtu mmoja asiye na uso.

Utetezi wa jambo hili unajulikana: sheria ndiyo iliyozuia. Ni kweli kwamba sheria ilizuia fedha kwenda Havana. Sheria haikuzuia wino. Hakukuwa na kifungu cha vikwazo kilichomkataza mchapaji wa New York kuandika jina la mtu chini ya wimbo wake. Fedha zingeweza kungoja siku ya amani. Jina lingeweza kuandikwa siku ileile. Mtunzi aliyenyimwa fedha amedhulumiwa, na deni lake linaweza kulipwa hata kwa wajukuu. Aliyenyimwa jina atalipwaje, iwapo hakuna ajuaye kuwa anadai?

Hapa ndipo panapofaa kumrudia Curet Alonso, kwa kuwa yeye hakuwa Mkuba wala hakuwa mbali. Alikuwa mfanyakazi wa posta kwa miaka mingi, akiandika pia magazetini, na baina ya barua za watu na habari za watu akatunga nyimbo ambazo idadi yake hukadiriwa kupita 2,000. Mwaka 1968 La Lupe aliimba La Tirana yake, na mtunzi huyo mtulivu akawa anatafutwa na kila mwimbaji. Usiku wa tarehe 26 Agosti 1971, katika ukumbi wa Cheetah mjini New York, Fania ilikusanya nyota wake wote mbele ya kamera za Leon Gast. Filamu iliyotokana na usiku huo, Our Latin Thing, ya mwaka 1972, ndiyo iliyoitangaza salsa kwa ulimwengu. Katika usiku huo, Cheo Feliciano, aliyekuwa amerejea jukwaani baada ya kupotea kwa miaka kadhaa katika madawa ya kulevya, aliimba Anacaona. Wimbo huo ni wa Curet Alonso. Unamlilia malkia wa Kitaino wa kisiwa cha Hispaniola, aliyenyongwa na Wahispania mwanzoni mwa karne ya 16. Basi mfanyakazi wa posta wa Puerto Rico alimfufua malkia aliyeuawa, akamweka katika kinywa cha mwimbaji, na watu waliokuja kucheza dansi wakajikuta wakicheza juu ya tanzia.

Huu ni ushairi, na si wa bahati. Kisiwa cha Puerto Rico kina mapokeo ya décima, shairi la mishororo kumi yenye mizani minane minane na vina vilivyopangwa kwa kanuni kali. Mlimaji wa milimani husimama mbele ya watu na kulitunga papo kwa papo kwa kufuata mshororo aliopewa. Mpenzi wa ushairi wa pwani, aliyezoea kipande cha mizani minane na vina vya kati na vya mwisho, hahitaji kufafanuliwa uzito wa kazi hiyo. Kutoka katika mapokeo hayo, na mengine ya Kiafrika, mwimbaji wa salsa amerithi sehemu ya mwisho ya wimbo, ambapo kundi hushika kibwagizo naye hubuni maneno baina yake, kila mara mapya, na hata hivyo lazima yaangukie mahali pake. Asiyejua kutunga hawezi kuimba hivyo. Curet Alonso alijua ni mwimbaji gani anayemtungia kama fundi wa kanzu anavyojua mabega ya mteja wake. Kwa Ismael Rivera alitunga Las caras lindas, sifa za uzuri wa nyuso za watu weusi wa kwao. Kwa Rubén Blades na Willie Colón alitoa Plantación adentro, habari ya mtumishi wa shambani aliyeuawa kwa kipigo cha msimamizi. Kwa Héctor Lavoe, mwaka 1976, alitoa Periódico de ayer, Gazeti la Jana, ambamo mapenzi yaliyopita hufananishwa na habari ambayo kila mtu amekwisha kuisoma. Ni mwandishi wa magazeti pekee awezaye kuiona sitiari hiyo ikiwa imelala mezani pake kila asubuhi.

Basi vipi mtunzi wa namna hii afikie kuzimwa? Jibu limo katika namna wimbo unavyogawanywa mara uingiapo ofisini. Wimbo mmoja una haki mbili. Iko haki ya mkanda, yaani ya sauti iliyorekodiwa siku fulani katika studio fulani, na hii kwa desturi ilishikwa na kampuni iliyolipia studio. Iko haki ya tungo, yaani maneno na lahani, ambayo kwa asili ni ya mtunzi, lakini ambayo mtunzi hutakiwa kuikabidhi kwa mchapishaji wa nyimbo ili imletee mirabaha. Kampuni kubwa hupenda kuwa na mkono katika zote mbili, na Fania nayo ilikuwa na tawi lake la uchapishaji. Mtunzi asiye na wakili, anayehitaji kodi ya nyumba mwezi huu, hutia saini. Kisha karatasi hiyo huuzwa, hukodishwa, hugombewa mahakamani na watu ambao hawajawahi kuupiga mluzi wimbo wenyewe. Wanamuziki wengi wa Fania walilalamika hadharani kwa miaka mingi kuhusu mirabaha ambayo, kwa kauli zao, hawakuiona. Héctor Lavoe, sauti iliyouza santuri kuliko karibu wote, alikufa New York mwezi wa Juni 1993, mgonjwa na fukara. Rubén Blades, aliyekuwa na shahada ya sheria kutoka Panama, aliingia Fania kwa kazi ya chumba cha barua. Mwaka 1978 yeye na Colón wakatoa Siembra, mojawapo ya santuri za salsa zilizouzwa kuliko zote. Katika miaka ya 1980 akaiacha kampuni na kwenda kwingine. Mwenye sheria mkononi alitoka kwa miguu yake.

Haki isemwe: ugomvi uliozizima nyimbo za Curet Alonso mwaka 1995 haukuwa wa Fania. Ulikuwa baina ya shirika la kukusanya ada na wenye redio. Lakini ulitoka katika mazoea yaleyale ambayo Fania iliyatumia kwa ustadi kuliko wenzake wa soko lile: mazoea ya kuuona wimbo kama karatasi, na karatasi kama mali inayoweza kutengana kabisa na aliyeiandika. Mazoea hayo yakishakubalika, haishangazi kwamba siku moja watu wawili wagombee karatasi, na mshairi mzima, akiwa hai, awe gazeti la jana katika mji wake.

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki anaweza kuuliza hili linamhusu nini. Linamhusu kwa njia ya santuri zenyewe. Kampuni ya HMV, ambayo mwaka 1928 ilirekodi sauti ya Siti binti Saad mjini Bombay na kuzirejesha nyimbo zake Unguja katika sahani za santuri, ndiyo ambayo tangu miaka ya 1930 ilianza kuuza barani Afrika santuri za Kikuba zenye alama ya GV. Santuri hizo zilifika Léopoldville na Dar es Salaam, zikasikilizwa na vijana wasiojua neno la Kihispania, nao wakazijibu kwa magitaa yao. Salum Abdallah wa Morogoro hakuiita bendi yake Cuban Marimba kwa ajali. Ndiyo maana Fania iliposafiri kwenda Kinshasa mwezi wa Septemba 1974, kwa tamasha lililokusudiwa kuambatana na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman, haikuwa ikiwaletea Waafrika kitu kigeni. Umati uliojaa uwanjani uliipokea kama ndugu aliyerudi kutoka safari ndefu. Pacheco alikuwa akijulikana huko kabla ya kushuka ndegeni.

Na kule Kinshasa, mbele ya watu elfu kwa maelfu, suala la jina lilijionyesha waziwazi. Celia Cruz aliimba Guantanamera, ambayo maneno yake yanayojulikana yametoka katika mashairi ya José Martí. Jina la Martí hakuna awezaye kulifuta: yeye ni shujaa wa taifa, sanamu zake zimesimama kila mji wa Kuba. Akaimba pia Quimbara, wimbo uliomfungulia maisha mapya katika santuri aliyoitoa na Pacheco mwaka uleule wa 1974. Mtunzi wa Quimbara ni Junior Cepeda, kijana wa Puerto Rico. Kati ya mamilioni waliokwisha kuucheza wimbo huo, kutoka Lima hadi Mombasa, ni wangapi waliopata kulisikia jina lake? Mshairi aliye shujaa hukumbukwa kwa kuwa ni shujaa. Mshairi asiye na cheo hutegemea adabu ya mwenye santuri, na adabu hiyo ndiyo iliyokosekana.

Wako watakaosema kwamba huu ni ukosefu wa shukrani. Watauliza: bila Masucci, nani angewarekodi vijana kama Willie Colón, aliyetoa El Malo mwaka 1967 akiwa na miaka 17? Nani angethubutu kuupangisha uwanja wa Yankee, tarehe 24 Agosti 1973, na kuwaleta watu zaidi ya 40,000, wengi wao wakiwa watoto wa wafagiaji na wapishi, wakae pale walipozoea kukaa wengine? Nani angeihifadhi mikanda? Hoja hii ni nzito, wala haifai kukwepwa kwa kejeli. Masucci alithubutu. Alizinunua kampuni zilizomtangulia, Tico na Alegre zikiwamo, na kwa kufanya hivyo aliziokoa sauti nyingi zisitawanyike. Sanabria aliipa jamii iliyodharauliwa sura ya kujivunia. Usiku ule wa uwanjani watu walivuka uzio na kuingia uwanjani kwa furaha, na furaha hiyo ilikuwa ya kweli.

Lakini hata katika sherehe hiyo mazoea yaliyosemwa hayakukosa kujitokeza. Santuri zilizotolewa kwa jina la Live at Yankee Stadium zina sehemu kubwa iliyorekodiwa kwingine, katika ukumbi wa Roberto Clemente mjini San Juan, kwa kuwa tamasha la New York lilivunjika watu walipouvamia uwanja. Kisiwa kilitoa sauti, jiji likapewa jina. Rekodi hiyo iliingizwa katika orodha ya mwaka 2003 ya kumbukumbu za sauti zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Na mwaka huohuo wa 2003 Curet Alonso alikufa huku redio za San Juan zikiwa haziwezi kumpigia hata wimbo mmoja wa maombolezo kutoka katika tungo zake 2,000. Anayetaka shukrani zitolewe kwa kampuni na azitoe. Ila aweke mizani miwili mezani, na huo wa pili asiufunike kwa kitambaa.

Tena shukrani kwa kampuni ipi? Fania ya Pacheco na Masucci haipo. Masucci alikufa Buenos Aires mwaka 1997. Pacheco alifuata mwaka 2021. Hazina ya mikanda ilinunuliwa na Emusica ya Miami mwaka 2005, ikauzwa kwa wawekezaji wengine mwaka 2009, na mwaka 2018 ikaingia mikononi mwa Concord, kampuni kubwa ya Marekani yenye hazina za kila namna ya muziki. Huuzwa kama shamba la mikarafuu liuzwavyo pamoja na miti yake: mnunuzi huhesabu mashina, huonja mavuno, hutia saini. Aliyeipanda miche hayumo katika hati. Na kila mnunuzi mpya hutoa santuri upya, nzito, zenye majalada yaliyong'arishwa, na kijitabu kinachosimulia hadithi ileile ya buti la gari. Hatua za kuzirejesha sauti ni za kupongezwa. Hadithi inayoambatana nazo ndiyo inayostahili kukataliwa, kwa sababu kila inaporudiwa humfuta mtunzi kwa mara nyingine, na safari hii bila kisingizio cha vikwazo wala cha uhaba wa nafasi katika lebo.

Wala mpenzi wa ushairi wa mwambao asijidhani yu msafi. Katika taarab, jina la mwimbaji hutangulia na jina la kikundi hufuata; la aliyetunga shairi mara nyingi huachwa liulizwe na anayejali. Kanda ngapi ziliuzwa zikiwa na picha ya mwimbaji, orodha ya nyimbo na namba ya simu ya duka, bila neno moja juu ya aliyekesha akitafuta kina? Mtangazaji husema, na huo ulikuwa wimbo wa fulani. Akimaanisha fulani aliyeuimba. Herufi mbili za Fania angalau zilikiri kwamba yupo mtu mahali fulani mwenye haki zake. Kimya hakikiri hata hilo.

Dawa yake haihitaji mahakama wala mtaji. Mwenye kutoa santuri upya na aandike jina la mtunzi kwa herufi zilezile anazomwandikia mwimbaji, na pale paliposomeka D.R. awalipe watafiti watafute ni nani; walio wengi wanajulikana Havana na wanajulikana San Juan. Mtangazaji wa redio, wa Unguja au wa Ponce, na ataje majina mawili badala ya moja. Itamgharimu pumzi moja. Na anayeandika historia ya Fania kwa mara nyingine na aianzie Guayama mwaka 1926, katika nyumba alimozaliwa mtoto aliyekuja kuwa mfanyakazi wa posta. Kisha apite Havana ya Arsenio. Na akifika New York mwaka 1964, kwenye mpiga filimbi na wakili wake, atakuwa amekwisha kumwonyesha msomaji walikuwa wamebeba nini katika lile buti la gari, na mali hiyo ilikuwa ya nani.